Kifundo cha mkono kinashikwa na kigasha: jinsi ya kukiimarisha kwa chupa, nyundo na ndoo

Mama mmoja muuza chapati ndiye aliyenifumania. Alikuja chumba cha mazoezi tiba akilalamikia kifundo cha mkono wa kulia, akanikuta namimina chai, birika nimelishika kwa mikono miwili, wa kushoto ukiubeba wa kulia.

"Daktari, na wewe unaumwa mkono?"

"Niliteleza bafuni, mama. Mwezi wa pili huu."

"Sasa ndiyo utanitibu mimi?"

Mganga hajigangi, ndivyo ilivyo. Nilipoanguka nilipiga picha ya eksirei, haikuonyesha ufa, nikafunga bendeji ya mpira nikasubiri. Maumivu yalitulia lakini nguvu haikurudi. Nilikuwa nakibembeleza kifundo, na huku nimewasahau wanaokishika, ambao hawakai kwenye kifundo kabisa. Wanakaa juu, kwenye kigasha, ile sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. (Kuna wanaokiita kifundo kiwiko. Humu kiwiko ni pale mkono unapokunjia, na kifundo ni pale unapovaa saa.)

Yafuatayo ndiyo niliyoyafanya mimi, na ndiyo ninayowapa wapika chapati, mafundi plasta, wasusi na vijana wa bodaboda wanaokuja na mkono unaolegea au unaouma wakifanya kazi. Hayahitaji jimu. Yanahitaji chupa ya maji, nyundo, taulo, ndoo na wiki kama 12 za subira.

Kwanza uelewe unachokiimarisha

Kifundo cha mkono kina vifupa 8 vidogo vilivyopangwa safu mbili, vimebanana kama kokoto kwenye kiganja. Safu ya kwanza, ile inayopakana na kigasha, karibu haina msuli uliojishikiza juu yake. Kifupa kimoja tu, kidogo kama punje ya njegere upande wa kidole cha mwisho, ndicho kinachopata kano kutoka juu. Vilivyobaki vimefungwa kwa mikanda inayounga mfupa kwa mfupa, na zaidi ya hapo vinategemea kubanwa.

Anayevibana ni msuli wa kigasha. Misuli hii imeanzia karibu na kiwiko, ikishuka inageuka kuwa kano ndefu nyembamba zinazopita juu ya vifupa hivyo bila kujishikiza kwavyo, na kwenda kujifunga mbele yake, kwenye mifupa ya kiganja. Mgongoni mwa mkono kuna kano mbili upande wa kidole cha shahada na cha kati, na moja upande wa kidole cha mwisho. Upande wa kiganja kuna moja kuelekea gumba na nyingine kuelekea kidole cha mwisho. Wengi wana ya ziada katikati, inayojitokeza chini ya ngozi ukigusanisha gumba na kidole cha mwisho huku umekunja mkono kidogo. Usipoiona kwako usihangaike, kuna watu wazima wenye afya waliozaliwa bila hiyo.

Umewahi kuona turubai la msiba likisimamishwa? Ile nguzo ya katikati haijachimbiwa. Inasimama kwa sababu vijana wamezivuta kamba pande zote kwa nguvu inayolingana, na kadiri kamba zinavyokaza ndivyo nguzo inavyokandamizwa chini na kutulia. Legeza kamba ya upande mmoja, nguzo inainama hata kama ni ya chuma. Kifundo ndiyo nguzo hiyo. Bendeji ni kama mtu aliyeitwa aje aishikilie nguzo kwa mikono. Anasaidia, lakini hawezi kukaa pale mpaka arobaini.

Hatua ya 1: jipime

Kaa, weka mkono wa kulia mezani, kiganja kikitazama chini. Kwa vidole vya mkono wa kushoto gusa nyama ya kigasha upande wa juu, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye kiwiko. Sasa kunja ngumi taratibu, kisha kaza. Utausikia msuli wa juu ukivimba na kuwa mgumu chini ya vidole vyako.

Jambo hili huwashangaza watu, maana vidole vinakunjwa na misuli ya upande wa chini. Ya juu inatafuta nini? Kano za kukunja vidole zinapita juu ya kifundo, kwa hiyo zikivuta peke yake zingekunja vidole na kifundo pamoja. Misuli ya mgongoni inavuta kinyume, kifundo kinatulia, na nguvu yote inakwenda kwenye vidole. Kila unaposhika jembe, simu au mkono wa mtoto kuvuka barabara, hawa wa mgongoni wapo kazini.

Jaribu na la pili. Kunja kifundo chini kabisa, kiganja kitazame kigasha, halafu shika leso na umwambie mtu aivute. Itachomoka kama imeshikwa na mtoto. Rudia kifundo kikiwa kimeinuka nyuma kidogo tu, nyuzi kama 20 hadi 30. Hapo atavuta mpaka achoke. Mkono ni uleule, tofauti ni pembe tu.

Andika mahali mkono wako unavyokufelia. Birika? Kufungua chupa? Kusukuma mlango? Baada ya wiki 6 utajipima kwa kitu hichohicho.

Hatua ya 2: hakikisha si kazi ya hospitali

Hapa sina mzaha. Ukiwa umeangukia kiganja na sasa unaumia ukibonyeza kile kishimo kinachotokea chini ya gumba unapolinyanyua, usianze zoezi lolote. Chini yake kuna kifupa kinachopenda kuvunjika kimyakimya. Picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe chochote, ndiyo maana unaambiwa urudi kupigwa nyingine baada ya siku 10 hadi 14, na mkono uwe umefungwa wakati huo wote. Damu yake inaingilia upande mmoja, hivyo kikivunjika kikaachwa, kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu na kufa. Mimi nilirudi kupiga ya pili. Katika kisa changu chote hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa.

Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku ukaanza kukung'uta mkono ni habari nyingine. Upande wa kiganja kuna njia nyembamba inayopitisha kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu, na mshipa huo ukibanwa ndio unaolia. Akaonwe mtu wa namna hiyo kabla ya kunyanyua chuma. Vivyo hivyo kifundo kilichovimba, chekundu na cha moto, mkono uliopinda baada ya ajali, au vifundo vyote viwili kukakamaa kila asubuhi zaidi ya saa nzima.

Kama hayo hayakuhusu, kanuni ya maumivu ni hii: ukiyapa alama kutoka 0 hadi 10, mpaka 3 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho asubuhi mkono uwe kama ulivyokuwa jana. Ukiamka umeumia zaidi, ulizidisha. Punguza, usiache.

Hatua ya 3: kaza bila kusogea (wiki ya 1 na ya 2)

Weka kigasha mezani, ngumi mbele, kiganja chini. Mkono wa pili uweke juu ya ngumi na uikandamize, nayo ikatae kushuka. Hakuna kinachosogea. Anza na nguvu ndogo, panda taratibu mpaka kama nusu ya uwezo wako, shikilia kwa sekunde 30, achia, pumzika dakika moja. Mara 5.

Halafu geuza: kiganja juu, mkono wa pili unasukuma ngumi chini nayo inakataa. Kisha simamisha ngumi kama umeshika kikombe, gumba juu, uisukume kutoka juu, halafu kutoka chini. Pande nne, kamba nne. Pande hizi mbili za mwisho sekunde 10 zinatosha.

Unaweza kuyafanya kila siku, hata kwenye daladala. Wengi huyadharau kwa sababu hayatoi jasho. Lakini mkono unaouma ukisogezwa, hapa unapata kazi bila kusogezwa, na misuli inajifunza upya kukaza kwa pamoja.

Hatua ya 4: chupa (wiki ya 3 hadi ya 6)

Jaza maji chupa ya nusu lita. Kaa, laza kigasha juu ya paja, kifundo kipite goti kidogo, kiganja chini. Nyanyua chupa ukihesabu moja, mbili. Shusha ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kule kushusha polepole ndiko kwenye dawa, na ndiko watu wanakoiba. Mara 12 hadi 15, pumzika, seti 3, siku moja fanya siku moja acha.

Kisha geuza kiganja juu ufanye vilevile. Utaona upande huu una nguvu zaidi, na kishawishi ni kuufurahia. Usiufuate. Misuli ya upande wa kiganja inafanya kazi mchana kutwa kwa kushika na kukamua, na karibu kila mkono unaolegea ninaoupima, upande uliopwaya ni wa mgongoni. Kwa hiyo anza na kiganja chini kila mara, kabla hujachoka.

Seti 3 zikiwa nyepesi siku mbili mfululizo, toa maji jaza mchanga. Ukitoka hapo nenda kwenye chupa ya lita moja, halafu lita moja na nusu. Usiruke ngazi. Wiki za mwanzo utahisi nguvu inaongezeka haraka, na hiyo ni fahamu inajifunza kuiamsha misuli iliyokuwepo. Msuli wenyewe unakua baadaye, na kano huchelewa kuliko wote. Kano ndiyo itakayokuumiza ukijifanya fundi wiki ya 3.

Kuna zoezi moja la chupa ninalolipenda kuliko yote. Jaza maji nusu tu, nyoosha mkono mbele, kifundo sawa na kigasha, utikise chupa kwa vijitikiso vidogo vya haraka, sekunde 20. Maji yanacheza, kila wimbi linakipiga kifundo kutoka upande usioutarajia, na kigasha kinalazimika kujibu papo hapo. Ndivyo maisha yanavyokuja. Hakuna anayekupigia hodi kabla gurudumu la toroli halijaingia shimoni.

Hatua ya 5: nyundo (wiki ya 5 hadi ya 8)

Nyundo ni jimu kamili kwa sababu uzito wake uko mwisho wa mpini. Ukiishika karibu na kichwa ni nyepesi, ukishuka kwenye mpini inakuwa nzito, bila kununua kitu. Asiye na nyundo ashike mwiko wa ugali ule mkubwa na aufunge kitambaa kilicholowa kwenye ncha.

Kigasha juu ya paja, gumba juu, nyundo imesimama. Iache ielekee mbele polepole mpaka ilale, irudishe juu. Mara 10. Halafu simama, mkono umening'inia pembeni, kichwa cha nyundo nyuma yako, unyanyue nyuma kwa kifundo tu. Hiyo inagusa upande wa kidole cha mwisho, upande unaouma kwa wengi wakigeuza funguo au kukamua.

Kisha mizunguko: kiwiko kikunje kibane ubavuni, nyundo imesimama, iegemeze kulia mpaka kiganja kitazame juu, irudishe, iegemeze kushoto mpaka kiganja kitazame chini. Polepole. Ikikuponyoka umeshika chini mno. Huku kunaimarisha ule muungano wa mifupa miwili ya kigasha pale kifundoni, ambao watu wanausahau mpaka ukikwaruza.

Ya mwisho ni kupigilia hewa. Nyanyua nyundo kuelekea bega kwa kifundo, ishushe mbele kama unagonga msumari, taratibu kama mtu aliyelala. Mwendo huu wa mshazari, kutoka nyuma upande wa gumba kwenda mbele upande wa kidole cha mwisho, ndio ambao vifupa vya safu ya kwanza vinasogea kidogo kuliko mwendo mwingine wowote. Kifundo kinaupenda. Fundi plasta anayerusha udongo ukutani kwa mwiko yupo karibu na njia hiyohiyo.

Hatua ya 6: ndoo na ukuta (wiki ya 7 hadi ya 12)

Ndoo ya lita 10 ikijaa maji ina uzito wa kama kilo 10, na inapoufika mkono inafanya jambo la kipekee: inavuta kiganja kutoka kwenye kigasha. Misuli yote ya kigasha inalazimika kubana pamoja kukizuia kifundo kisiachane. Zungushia mshikio kitambaa uwe mnene, tembea hatua 30, kifundo kimenyooka, bega halijashuka. Badilisha mkono. Mara 4. Wenye ujuzi wa kisima watacheka. Wacheke, kisha niwaulize ni wangapi hubeba kwa mkono uleule kila siku.

Kusukuma kunahitaji ngazi zake. Anza ukutani: simama hatua moja mbali, viganja ukutani, shuka na panda mara 12. Ukiweza bila maumivu, shuka kwenye ukingo wa meza nzito. Kisha kitandani, mwisho sakafuni kwa magoti. Ikiwa kupinda kifundo nyuma kunauma, tumia ngumi kwanza, kifundo kimenyooka. Ngazi hii usiipuuze kama unakanda unga, kwa sababu kukanda ni kusukuma.

Na taulo: lilowanishe, likamue kwa kulia mara 5, kwa kushoto mara 5. Nimeliweka mwisho makusudi. Watu wengi huanza na hili kwa kuwa ni rahisi, nalo ndilo linalowaumiza, maana linakunja, linapinda na linazungusha kwa pamoja.

Hatua ya 7: rekebisha kazi yenyewe

Mazoezi ya nusu saa hayawezi kushindana na saa 8 za kuukosea mkono. Yule mama wa chapati tulimtazama akikanda. Meza yake ilikuwa juu, inamfikia kifuani karibu, hivyo kila msukumo ulikipinda kifundo nyuma hadi mwisho na uzito wa mwili haukusaidia chochote. Alisimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Akaanza kukanda kwa ngumi, mabega juu ya unga, na kuuacha unga ulale dakika 20 kabla ya kuurudia, ukawa laini wenyewe. Kwenye kusukuma alikuwa anakibana kifimbo kwa vidole. Nikamwomba akisukume kwa viganja vilivyofunguka.

Mkuna nazi aizungushe nazi kidogokidogo kwenye mbuzi badala ya kuukunja mkono uufuate ukingo. Mfuaji azungushie shuka kwenye bomba na kulisokota kwa mikono miwili. Kijana wa bodaboda alegeze nati, ashushe vishikio vya klachi na breki mpaka vidole vikivifikia mgongo wa mkono uwe mstari mmoja na kigasha. Msusi anyanyue kiti cha mteja au akae yeye juu zaidi. Na anayelala amekunja mikono chini ya shavu ajue usiku nao una masaa.

Bendeji? Siku za mwanzo baada ya kuumia, sawa. Siku ya kubeba magunia, sawa. Kuivaa kuanzia asubuhi hadi kulala kwa mwezi wa pili, kama nilivyofanya, ni kuifundisha misuli kwamba kuna mwingine anafanya kazi yake.

Wiki ya 12 ikipita, mara mbili kwa wiki zinatosha: chupa kiganja chini, nyundo ya mshazari, ndoo. Ikiwa wiki ya 6 imefika na ule mtihani ulioandika mwanzoni haujabadilika hata kidogo, usiongeze uzito. Nenda uguswe na mtu, huenda ni mkanda wa ndani uliochanika, na huo hauongei na chupa.

Birika sasa nalishika kwa mkono mmoja, likiwa limejaa. Yule mama alilitazama siku ya mwisho, akasema tu, "Haya, mimina."